Machozi ya Saa Nane: Uigizaji wa Tamthilia za Mchana na Swali la Ukweli

1.0 Utangulizi

Makala haya yanashughulikia swali ambalo kwa muda mrefu limechukuliwa kuwa si swali: je, uigizaji mbaya ni kosa la kisanaa tu, au ni kosa la kimaadili pia? Mfano utakaotumiwa ni ule ambao wahakiki wengi wa fasihi huuona kuwa haustahili wino wao, yaani uigizaji katika tamthilia za mfululizo zinazoonyeshwa na runinga mchana. Ni desturi katika mijadala yetu ya kitaaluma kuzitaja tamthilia hizi ili watu wacheke, kisha mazungumzo yarejee kwenye mambo yanayodhaniwa kuwa ya maana. Tutajaribu kuonyesha kwamba kicheko hicho hakijafikiriwa vya kutosha, na kwamba wanaozitetea tamthilia hizi nao hawajafikiri vya kutosha.

Swali hili halikuzaliwa maktabani. Lilizaliwa Wang'uru, mji wa wakulima wa mpunga katika eneo la Mwea, Kirinyaga, ndani ya mkahawa ulio kando ya barabara iendayo Embu. Yalikuwa majira ya kupandikiza. Ilipofika saa nane, wanawake waliokuwa wameinama katika maji ya mashamba tangu asubuhi waliingia kula, matope yakiwa yamewakaukia miguuni. Runinga iliyotundikwa ukutani ilikuwa ikionyesha tamthilia ya Meksiko iliyotiwa sauti za Kiingereza. Mama mmoja katika tamthilia hiyo alikuwa akimlilia mwanawe. Uigizaji wenyewe ulikuwa mbaya, na halina haja ya kubishaniwa hilo. Mikono ilipanda usoni kabla habari ya kifo haijamfikia. Macho yalimtafuta mtazamaji badala ya kumtafuta marehemu. Sauti ya Kiingereza iliendelea kulia hata midomo ilipokwisha kufungwa. Mwandishi wa makala haya alicheka, akasema kwa sauti kwamba yule mama hajui kulia. Mwanamke aliyeketi meza ya pili alijibu bila kuyaondoa macho kwenye runinga: "Mwalimu, hata sisi tunajua halii. Lakini aliyekufa ni mtoto."

Sentensi hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza inakiri kila kitu alichokisema mhakiki. Ya pili inasema kwamba alichokisema hakitoshi. Sehemu zinazofuata ni jaribio la kuielewa sentensi hiyo kwa ukamilifu wake, pamoja na kukiri kwake na pamoja na kukemea kwake.

2.0 Kiwanda cha Machozi

Haitakuwa haki kuuhukumu uigizaji huu bila kwanza kueleza unavyotengenezwa. Utanzu huu ulianzia redioni nchini Marekani. Mwaka 1930, kituo cha WGN cha Chicago kilianza kutangaza mchezo wa mfululizo uitwao Painted Dreams, ulioandikwa na Irna Phillips, na wengi huuhesabu kuwa wa kwanza wa aina yake. Michezo hiyo iliwalenga wanawake waliokuwa nyumbani mchana, na waliogharamia wengi wao walikuwa watengenezaji wa sabuni, miongoni mwao kampuni ya Procter & Gamble. Ndiyo maana utanzu wenyewe ukabatizwa jina la sabuni. The Guiding Light, uliotungwa na Phillips pia, ulianza redioni mwaka 1937, ukaingia runingani mwaka 1952, na haukukoma hadi mwaka 2009. Hadithi moja, basi, ilisimuliwa kwa miaka 72.

Jambo la kuzingatia hapa ni kasi. Katika tamthilia za mchana za Marekani sehemu nzima hurekodiwa kwa siku moja, na aghalabu katika miaka ya karibuni hata zaidi ya moja. Mwigizaji hupewa kurasa nyingi za maneno usiku, akayasema kesho yake baada ya mazoezi haba, na akikosea kidogo kosa huachwa kwa sababu saa haimngoji. Kule Meksiko desturi ilikuwa tofauti, ila matokeo yake yalifanana. Waigizaji wengi wa Televisa walivaa kifaa kidogo sikioni ambacho kwacho waliambiwa maneno yao papo hapo. Yule tunayemwona amenyamaza kwa muda kabla ya kujibu, macho yake yakiwa mbali, huenda hatafakari hatima ya ndoa yake hata kidogo. Huenda anamsikiliza mtu anayemnong'onezea.

Watengenezaji wenyewe walikwisha kuukubali mgawanyo wa hadhi kati ya mchana na usiku. Tuzo za Emmy za mchana zilitengwa rasmi na zile za usiku tangu mwaka 1974. Susan Lucci, aliyemwigiza Erica Kane katika All My Children kuanzia mwaka 1970, alipendekezwa mara 18 bila kushinda, akashinda mara ya 19, mwaka 1999. Jambo hilo lilifanywa mzaha kote Marekani. Hakuna aliyeuliza mzaha huo ulihusu nini hasa: uwezo wa mwigizaji, au saa anayoonekana na watu wanaomtazama saa hiyo.

Afrika Mashariki iliupokea utanzu huu kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya kuutunga wenyewe. Runinga ilianza nchini Kenya mwaka 1962, na shirika la Sauti ya Kenya, ambalo mwaka 1989 liligeuka kuwa KBC, lilionyesha michezo ya Kiswahili kama vile Tushauriane katika miaka ya 1980 na Tausi katika miaka ya 1990. Njia ya pili ilikuwa ya kununua. Tú o nadie, tamthilia ya Meksiko ya mwaka 1985, ilijulikana kwa Wakenya wengi kwa jina lake la Kiingereza, No One But You, na wengine wengi wa aina yake wakafuata. Tangu hapo mtazamaji wa Mwea amezoea jambo ambalo nadharia zetu za uigizaji hazikulitarajia: mwili wa mwigizaji mmoja, sauti ya mwingine, lugha ya watu wa tatu, na yeye mwenyewe akiyajadili hayo yote kwa Kikuyu. Tukisema "mwigizaji yule ni mbaya," tunamlaumu nani kati ya hao?

Kwa hiyo lawama ya kwanza haina budi kuondolewa. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita uigizaji mbaya ni alama ya kazi iliyoharakishwa, kama vile mshono uliopinda ni alama ya fundi aliyehesabiwa nguo kwa saa. Hata hivyo, kueleza chanzo cha kosa si kulifuta. Nguo iliyoshonwa vibaya itamfumukia mvaaji, hata kama fundi alionewa.

3.0 Je, Mwigizaji ni Mwongo?

Lawama ya pili ni nzito zaidi, nayo ni ya uongo. Tunapomcheka mama wa runingani, tunachodai ni kwamba hasikii anachojidai kukisikia. Dai hili lina ukoo mrefu. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, aliwalaumu washairi kwa kuzinywesha hisia ambazo zilifaa kuachwa zikauke. Mtu anayejivunia utulivu wake katika msiba wake mwenyewe, alisema, hujiachilia alie anapoutazama msiba wa mwingine jukwaani, na hufurahi kulizwa. Karne nyingi baadaye Agostino, mwana wa Afrika Kaskazini, alijihoji katika Maungamo kuhusu michezo aliyoipenda ujanani Carthage. Lililomsumbua ni kwamba mtazamaji haitwi kumsaidia anayeteseka. Huitwa kuhuzunika tu, na kadiri anavyohuzunika ndivyo anavyomsifu mwigizaji. Hii, kwa maoni yetu, ndiyo hoja kali kuliko zote zilizowahi kutolewa dhidi ya machozi ya saa nane, nayo tutairudia.

Kwa upande wa mwigizaji mwenyewe, hoja ya uongo ilipinduliwa na Denis Diderot katika karne ya 18. Katika mazungumzo yake juu ya kitendawili cha mwigizaji, yaliyochapishwa mwaka 1830 baada ya kifo chake, alishikilia kwamba mwigizaji bora hasikii chochote. Alitoa mfano wa Mwingereza David Garrick, aliyetokeza kichwa katikati ya milango miwili na kwa sekunde chache akaupitisha uso wake kutoka furaha hadi kukata tamaa na kuurudisha tena. Hakuna moyo unaoweza kusafiri kasi hiyo. Kilichosafiri ni ustadi. Konstantin Stanislavski, aliyefundisha huko Moscow mwanzoni mwa karne ya 20, alifuata njia nyingine, akamtaka mwigizaji autafute ukweli wa ndani wa mhusika ili ishara za nje zifuate.

Si lazima tuamue nani kati yao alikuwa sahihi. Inatosha kutambua jambo moja. Ikiwa Diderot amesema kweli hata nusu, basi tofauti kati ya mwigizaji bora na mwigizaji mbaya si tofauti kati ya mkweli na mwongo. Wote wawili hawakufiwa. Garrick hakuwa mkweli zaidi ya mama yetu wa Meksiko; alikuwa hodari zaidi. Na iwapo Stanislavski ndiye aliyesema kweli, bado inawezekana mwigizaji mbaya alisikia uchungu mwingi sana studioni, ila uchungu huo haukutufikia. Wako waigizaji wabaya wanaolia kwa dhati. Hivyo "halii kweli" haiwezi kuwa jina la kosa tunalolitafuta. Yule mwanamke wa Wang'uru alilijua hilo bila kumsoma Diderot: hata sisi tunajua halii. Kutolia si habari mpya. Ndiyo masharti ya mchezo.

4.0 Kujiliza, Kuliza na Kulilia

Pengine lugha yetu inatupa njia ya kulitaja kosa lenyewe. Kiswahili kina kitenzi kulia, na kutokana nacho kina vitenzi vitatu ambavyo havipaswi kuchanganywa. Kujiliza ni kuonyesha kilio ili uonekane kuwa mwenye kulia. Kuliza ni kumfanya mwingine alie. Kulilia ni kulia kwa ajili ya mtu au kitu. Kitenzi hiki hakikamiliki mpaka tuulize, analilia nini? anamlilia nani?

Tunapendekeza kwamba vitenzi hivi vichukuliwe kuwa ngazi za uhakiki. Mwigizaji anayejiliza ameyaelekeza machozi kwake mwenyewe. Anataka tuone kwamba analia, na ndiyo sababu mikono yake hupanda usoni kabla ya habari kumfikia, kwani hakuwa akiisubiri habari, alikuwa akiisubiri zamu yake. Mwigizaji anayeliza amepiga hatua moja mbele, kwa kuwa anatufikiria sisi. Anazijua kano za moyo wetu na anazivuta. Wengi wa waigizaji wanaosifiwa katika tamthilia za mfululizo ni wa ngazi hii, na kazi yao si rahisi. Lakini mwigizaji anayelilia ameyaelekeza macho mahali pengine kabisa. Anamtazama marehemu. Hata kama moyoni hana chochote, kama alivyotaka Diderot, kila kitu anachokifanya kwa mikono, kwa pumzi na kwa ukimya kinatuambia kwamba kuna mtu aliyekuwapo na sasa hayupo. Anatufanya tumwone mtoto.

Kwa msingi huu, ubaya wa uigizaji haumo katika kukosa hisia. Umo katika kukosa uangalifu kwa yule anayeigiziwa. Hili ni kosa la kisanaa, na papo hapo ni kosa la kimaadili, kwa sababu uangalifu kwa mwenzio, hususa mwenzio aliye katika dhiki, ni miongoni mwa mambo ya kwanza tunayodaiwa na utu. Itasemwa kwamba mtoto aliyekufa katika tamthilia hakuwahi kuishi, hivyo hawezi kukosewa. Ni kweli. Lakini wapo watoto waliokufa, na wapo mama zao, na baadhi yao hula saa nane mbele ya runinga.

Ngazi ya pili, ya kuliza, inahitaji kuangaliwa zaidi kwa sababu ndiyo iliyotumiwa kwa nia njema katika nchi zetu. Kutokana na mbinu zilizobuniwa na Miguel Sabido kule Meksiko katika miaka ya 1970, tamthilia za mfululizo ziligeuzwa kuwa chombo cha mafunzo. Redio Tanzania ilianza kutangaza Twende na Wakati mwaka 1993. Wasikilizaji walimfuata Mkwaju, dereva wa lori la masafa marefu asiyetulia katika ndoa, na mkewe Tunu, na kupitia maisha yao wakafundishwa kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Hapana shaka kwamba vipindi hivyo viliwafaa watu, na kuna waliookoka kwa sababu yavyo. Je, manufaa hayo yanamwondolea mwigizaji wajibu wa kulilia? La. Yanauongeza. Mtu anayeombwa abadilishe maisha yake kwa kuusikiliza msiba wa mwingine ana haki ya kuoneshwa msiba, si ishara ya msiba. Na ikiwa Mkwaju alibaki masikioni mwa watu kuliko mahubiri mengi ya afya, sababu yake ni kwamba hakuwa bango la afya tu. Alikuwa mtu wanayemjua.

5.0 Hoja ya Matanga

Pingamizi moja lenye nguvu lapaswa kujibiwa hapa. Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya mwanamke anayefika msibani hupaza kilio akiwa bado njiani, hata kama alimjua marehemu kwa mbali. Kilio hicho kina mpangilio wake, maneno yake na mahali pake pa kukomea. Hakuna anayemchunguza kama machozi yamemlowesha. Kinachotazamwa ni kwamba amekuja na amelia inavyopasa. Pwani nako, anayekwenda kuhani husema maneno yaleyale yaliyosemwa na aliyemtangulia, na hakuna anayeona kwamba kurudiwa kwa maneno kumeyatoa maana. Kwa nini basi tusiuone uigizaji wa tamthilia za mchana kuwa wa aina hiyo? Mikono usoni, kupiga magoti, kugeuka ghafla kuelekea dirishani: hizi zaweza kuwa kaida za utanzu, kama vina na mizani vilivyo kaida za utenzi. Mhakiki anayedai uhalisia kutoka kwazo angekuwa kama mtu anayelalamika kwamba watu hawazungumzi kwa vina sokoni.

Pingamizi hili lina ukweli mwingi, na linatosha kubatilisha sehemu kubwa ya dharau yetu. Uhalisia wa kisaikolojia si mizani pekee ya uigizaji, na Ebrahim Hussein aliyetuandikia Kinjeketile mwaka 1969 alikuja pia kutuonyesha, katika Ngao ya Jadi na Jogoo Kijijini, kwamba jukwaa laweza kurudi kwa mtambaji mmoja na sauti yake bila kupoteza uzito. Kaida si uongo.

Pamoja na hayo, mfano wa matanga una sharti ambalo tamthilia ya mchana hailitimizi. Mlizi wa msibani hulia kwa kaida, lakini huja. Ameacha shamba lake, ameleta mtama au sukari, atalala kwenye baridi, na siku yake ikifika wale aliowalilia watakuja kwake. Kaida ya kilio imesimama juu ya msingi wa kulipana. Katika tamthilia, kilio hukatizwa na tangazo la sabuni, na anayelia hatakuja kwangu. Kwa hiyo kinachoifanya kaida kuwa ya kweli msibani, yaani mwili wa mtu aliyefika, hakipo runingani. Mwigizaji ana njia moja tu ya kukifidia, nayo ni ustadi. Pale ambapo mlizi wa kijijini anaweza kusamehewa ulegevu wa sauti kwa sababu ametembea maili sita, mwigizaji hana safari ya kumtetea. Kazi yake ndiyo safari yake.

6.0 Watazamaji Wanaojua

Imedhaniwa mara nyingi kwamba watazamaji wa tamthilia hizi hawatambui uigizaji mzuri na mbaya. Historia ya Mwea inatoa jibu. Mradi wa umwagiliaji wa Mwea ulianzishwa katikati ya miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na mifereji yake ya mwanzo ilichimbwa kwa nguvu za wafungwa wa vita vya Mau Mau. Baada ya uhuru wakulima waliendelea kuishi kama wapangaji. Kanuni ziliwataka watii maagizo ya meneja wa mradi na kukabidhi mpunga wao, na aliyekaidi angeweza kufukuzwa shambani. Hali hiyo ilidumu hadi mwaka 1998, wakulima walipokataa kuuza kupitia Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji na kuanza kuuza wenyewe kupitia ushirika wao. Watu walioishi hivyo kwa takriban miaka 40 hawahitaji somo juu ya uigizaji. Waliigiza utii mbele ya msimamizi mchana, na usiku wakauficha mchele wa kulisha watoto. Walilazimika kujua sura ya mtu anayejifanya, kwa kuwa walijifanya, na kujua pia lini mtu mwingine anajifanya, kwa kuwa maisha yao yalitegemea hilo.

Mfano wa pili ni wa Kamirithu, Limuru. Mwaka 1977 wakulima na wafanyakazi wa kijiji hicho waliigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Kama Ngũgĩ alivyoeleza baadaye katika Decolonising the Mind (1986), mazoezi yalifanywa hadharani, na wanakijiji waliokuja kutazama waliyasahihisha: mzee hasemi hivyo, kazi ile haifanywi hivyo. Serikali iliupiga mchezo huo marufuku Novemba mwaka huohuo, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Kilichobomolewa hakikuwa jukwaa tu. Ulikuwa ni utaratibu ambao kwao aliyeyaishi maisha alikuwa na mamlaka ya kumwambia mwigizaji, "Hapo umekosea."

Mfano wa tatu unatutahadharisha tusidhani kwamba mamlaka hayo ni ya damu na kabila. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alijulikana kwa miongo mingi kama Mzee Ojwang' katika Vitimbi vya KBC. Alikuwa Mkikuyu, akamwigiza mzee wa Kijaluo kwa lafudhi iliyowafanya watazamaji wengi waamini kwamba ndivyo alivyozaliwa. Lafudhi hiyo ingeweza kuwa dhihaka, na kichekesho chochote cha kabila la mwingine hutembea kwenye ukingo huo. Iliyomwokoa Wanjau ni kwamba aliitunza. Ojwang' wake alikuwa na hasira zake, aibu zake na mapenzi yake kwa Mama Kayai, na watu wa makabila yote walimwona kuwa mzee wao. Hakuwa na damu ya mhusika wake, ila alikuwa na uangalifu. Ikiwa mchekeshaji aliweza hayo katika kipindi cha wiki, chenye bajeti haba, basi haraka na umaskini wa studio haviwezi kuwa udhuru kamili kwa mtu yeyote.

7.0 Deni

Sasa tunaweza kuirudia sentensi ya Wang'uru. Ipo tafsiri ya haraka ambayo wanataaluma wa siku hizi wataipenda: mtazamaji si mpokeaji tu, hujitengenezea maana, na hivyo ubora wa uigizaji haujalishi. Mwanamke yule alimwona mtoto pale ambapo mwigizaji hakumwonyesha. Basi kazi imefanyika, tunaambiwa, na mhakiki anayelalamika ni mwenye majivuno ya kisomo na ya kiume. Tafsiri hii ina kipande cha haki. Kicheko cha msomi mbele ya tamthilia za mchana mara nyingi ni kicheko dhidi ya wanawake na saa yao ya mapumziko. Mwandishi wa makala haya hakuicheka runinga peke yake. Aliicheka meza ya pili.

Lakini tafsiri hiyo inamkosea mwanamke yule kwa namna nyingine. Kama mwigizaji hakumleta mtoto, mtoto alitoka wapi? Alitoka kwa mtazamaji. Ndiye aliyemtoa, kutoka katika akiba yake mwenyewe ya misiba aliyoiona au kuisikia, akamweka mahali palipoachwa wazi. Uchungu wa mwana aujua mzazi, na tamthilia iliutegemea ujuzi huo bila kuulipa. Kadiri uigizaji unavyokuwa duni, ndivyo mtazamaji anavyolazimika kutoa zaidi. Kwa hiyo ukarimu wa mtazamaji haumtetei mwigizaji mbaya. Unaonyesha ukubwa wa deni lake, na zaidi ya yeye, deni la wanaomwajiri na kupanga saa zake. Wao huuza kwa watangazaji kitu ambacho nusu yake ilitolewa bure na mwanamke aliyetoka kupandikiza mpunga.

Hapa ndipo hoja ya Agostino inaporejea. Alilalamika kwamba mtazamaji haitwi kusaidia, bali kuhuzunika tu. Hakufikiria kwamba katika kuhuzunika kwake mtazamaji huenda anasaidia kitu kimoja, yaani mchezo wenyewe usianguke. Katika uigizaji ulio bora msaada huo ni wa pande mbili: mwigizaji analeta, mtazamaji anapokea na kuongeza. Katika uigizaji duni msaada ni wa upande mmoja, na msaada wa upande mmoja unaochukuliwa kila siku bila shukrani una jina lake hata nje ya sanaa.

Tamthilia za Kiswahili za miaka ya karibuni zinathibitisha kwamba jambo hili si la wageni tu. Maria, iliyoonyeshwa na Citizen kati ya mwaka 2019 na 2021, ilichukua umbo lilelile la Meksiko, msichana wa mtaa wa mabanda akiingia katika nyumba ya matajiri, ikalipa lugha ya watazamaji wenyewe. Hilo lilikuwa pato kubwa, kwa kuwa mwili na sauti vilirudi kuwa vya mtu mmoja, na mtazamaji akapata tena uwezo wa kusema, "Hivyo hatusemi." Lakini kuwa na lugha yetu si dhamana ya uangalifu. Kwa Kiswahili pia mtu anaweza kujiliza. Tofauti ni kwamba sasa hatuna wa kumsingizia.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uigizaji mbaya hauwi kosa la kimaadili kwa sababu ni uongo, kwani uigizaji wote hauna machozi ya kweli na kila mtu analijua hilo. Huwa kosa pale unapouacha bila uangalifu msiba uliokabidhiwa, na kumwachia mtazamaji kazi ya kuulilia peke yake. Yamedai pia kwamba sehemu kubwa ya lawama inawahusu wenye studio kuliko wenye nyuso tunazoziona, na kwamba mtazamaji hawezi kufanywa shahidi wa utetezi kwa sababu tu alivumilia.

Kutokana na hayo, mhakiki ana wajibu wa aina mbili ambao hauwezi kutenganishwa. Anapaswa kuuhukumu uigizaji huu kwa mizani ileile anayoitumia kwa jukwaa kuu, bila kuupunguzia kwa kuwa ni wa mchana na wa wanawake, kwani kuupunguzia ni dharau iliyovaa huruma. Na anapaswa kuhukumu akiwa amemtazama marehemu, si akiwa amemtazama mwigizaji pekee. Mwandishi wa makala haya alitimiza nusu ya wajibu huo katika mkahawa wa Wang'uru. Aliona kwamba mama yule halii. Hakuona kwamba aliyekufa ni mtoto, na kwa hiyo alikosea kama alivyokosea mwigizaji yule, kosa lilelile: alikuwa akijitazama mwenyewe.